Miguu Tunayo, Ngazi Bado: Njia ya Mwendesha Baiskeli wa Ridhaa hadi Mashindano ya Barabarani

Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti mbele ya vijana, wazazi, walimu na viongozi wa vilabu vya michezo waliokutana katika ukumbi wa kijamii. Tunayachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nieleze njia anayopitia mwendesha baiskeli wa ridhaa, yaani yule anayeshindana bila kulipwa, hadi afike kwenye mashindano makubwa ya barabarani. Swali hili huletwa ofisini mwetu na watu wa aina mbili. Vijana huuliza fomu za kujiunga zinapatikana wapi. Wazazi huuliza kama mchezo huu una faida au ni kumpotezea mtoto wakati. Leo nitajaribu kuwajibu wote, bila kuyapamba mambo na bila kumkatisha mtu tamaa.

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Nguvu ya miguu haijawahi kuwa tatizo letu. Tatizo ni ngazi. Kijana wetu akitoka nyumbani na baiskeli yake anakuta ngazi ambayo vidato vyake vya chini vinakosekana, na vile vya juu viko nchi za mbali. Wachache waliofika juu walifika kwa sababu mtu fulani aliwawekea kidato pale chini. Nitawaonyesha hilo kwa mifano ya watu mnaowajua, kisha tuone ni vidato vipi tunaweza kuviweka sisi wenyewe.

Darasa la Mai-a-Ihii

Jina la Chris Froome si geni kwenu. Alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei 1985. Ameshinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mbio hizo huchukua wiki tatu na hupita zaidi ya kilomita 3,000, zikipanda milima ya Alps na Pyrenees. Watu wengi wakisikia jina lake husema, "Huyo ni Mwingereza." Ni kweli kwamba alishinda akiwa na leseni ya Uingereza. Lakini mwalimu wake wa kwanza ni Mkenya, David Kinjah, na darasa lao lilikuwa barabara za Mai-a-Ihii, karibu na mji wa Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu.

Kinjah alikuwa mwendesha baiskeli wa timu ya taifa. Alikusanya vijana wa mtaani kwake, akawafundisha kuendesha, kufungua gurudumu, kuziba pancha na kunyoosha spoki. Kundi lake linaitwa Safari Simbaz. Froome alijiunga nao akiwa mvulana, akawa anapanda milima ile pamoja na vijana wengine waliokuwa wakubwa na wenye nguvu kumliko.

Mwaka 2006 mwalimu na mwanafunzi waliivalia Kenya jezi katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Mwaka huo huo Froome alikwenda Salzburg, Austria, kwenye mashindano ya dunia ya vijana wa chini ya miaka 23. Katika mbio za kushindana na saa, aligongana na afisa wa mashindano muda mfupi tu baada ya kuanza. Waliomwona siku hiyo hawangeamini kwamba baada ya miaka saba angevaa jezi ya manjano mjini Paris.

Sasa angalieni kilichotokea katikati. Mwaka 2007 alijiunga na timu ya Afrika Kusini ya Konica Minolta, akashindana Ulaya na Asia. Mwaka huo huo alipata nafasi katika kituo cha mafunzo cha Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, kilichoko Aigle nchini Uswisi. Mwaka 2008 aliingia timu ya kulipwa ya Barloworld na kuendesha Tour de France yake ya kwanza. Mwaka 2010 akaingia Team Sky. Hakuna kidato alichokiruka.

Lazima tuseme ukweli mmoja zaidi. Froome alikuwa na mambo mawili ambayo wenzake wa Mai-a-Ihii hawakuwa nayo. La kwanza, alisomea Afrika Kusini tangu akiwa na miaka 14 hivi, na huko kuna mashindano mengi ya baiskeli. La pili, alikuwa na haki ya pasipoti ya Uingereza, kwa hivyo viza haikumfungia mlango. Vijana waliopanda naye mlima ule ule, kwa mwalimu yule yule, walibaki nyumbani. Kinjah aliwapa wote kidato cha kwanza, lakini cha pili na cha tatu vilimfikia mmoja tu.

Alichokiona Kangangi

Mfano wa pili ni Suleiman Kangangi, ambaye wengi walimwita Sule, Mkenya wa pande za Eldoret. Yeye hakuwa na pasipoti ya pili. Alipitia timu ya Kenyan Riders iliyokuwa na makao Iten, akamaliza wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, na pia akaendeshea timu ya Kijerumani ya Bike Aid. Kwa mtu aliyeanzia hapa hapa kwetu, hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Lakini wakati huo alikuwa anakaribia miaka 30. Mwenzake wa Ubelgiji au Italia wa umri huo huwa ameshindana tangu akiwa mtoto wa shule.

Kwa nini jambo hilo ni muhimu? Kwa sababu mbio za baiskeli za barabarani hazifanani na marathoni. Katika marathoni, mwenye mapafu na miguu bora kwa kawaida ndiye anayeshinda. Katika baiskeli adui mkubwa ni upepo. Anayejificha vizuri nyuma ya mwenzake anaweza kuokoa takriban theluthi moja ya nguvu zake. Kwa hivyo waendeshaji zaidi ya mia moja hukaa pamoja katika msafara mmoja, gurudumu la mbele likiwa sentimita chache tu kutoka gurudumu la mwenzako, kwa kasi ya kilomita 40 au 50 kwa saa. Upepo ukitoka ubavuni, msafara hujipanga kimshazari, na aliyechelewa kushika nafasi huachwa kabisa. Kuna kuteremka milima yenye kona. Kuna kujua ni nani wa kumfuata anapotoroka na ni nani wa kumwacha ajichoshe. Kuna kula na kunywa ukiwa juu ya kiti.

Ustadi huo haufundishwi na mlima wala haupatikani kwa kuendesha peke yako alfajiri. Unapatikana kwa kushindana tena na tena, katikati ya watu. Kijana anaweza kuwa na nguvu kuliko wote na bado akaachwa na msafara kwa sababu hajui akae wapi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na katika mchezo huu hilo ni suala la hesabu za upepo.

Kangangi alilielewa jambo hili vizuri. Akawa nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki, na akashiriki kuanzisha Migration Gravel Race, mashindano ya barabara za murram huko Maasai Mara yaliyoanza mwaka 2021. Wazo lilikuwa rahisi. Kama vijana wetu wanatatizika kupata viza na nauli za kwenda kushindana na waendeshaji wa ng'ambo, basi waendeshaji wa ng'ambo waje washindane nao hapa.

Tarehe 27 Agosti 2022 Kangangi alianguka akiwa kwenye kasi kubwa katika mashindano huko Vermont, Marekani, akafariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 33, mume na baba wa watoto. Nimelitaja hili mbele ya wazazi kwa makusudi. Mchezo huu una hatari, na mtu akiwaambia hauna, msimwamini. Nitalirudia suala la usalama baada ya muda mfupi.

Asmara na Kigali walifanya nini?

Kuna wanaosema kwamba Waafrika wa nyanda za juu ni watu wa kukimbia, na kwamba baiskeli ni mchezo wa Wazungu. Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, uko karibu kiwango hicho hicho. Hewa ni moja. Tofauti ni kwamba Asmara wana ngazi.

Waeritrea walijifunza mchezo huu wakati wa utawala wa Waitaliano, kisha wakaufanya wao. Mbio za kuzunguka nchi yao, Giro d'Eritrea, zilifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1946 na zikafufuliwa mwaka 2001. Mjini Asmara mashindano hufanyika katika barabara za mji wenyewe, na familia husimama kandokando kushangilia. Mtoto huona mbio kabla hajaota kuzishiriki. Matokeo yake mmeyaona. Mwaka 2015 Daniel Teklehaimanot alivaa jezi ya mfalme wa milima katika Tour de France. Mwaka 2022 Biniam Girmay alishinda Gent-Wevelgem nchini Ubelgiji, na mwaka 2024 akashinda mikondo mitatu ya Tour de France pamoja na jezi ya kijani. Wote wawili walipitia kile kituo cha Aigle alikopitia Froome. Lakini Aigle haiwezi kumchukua mtu asiyeonekana. Wao walionekana kwa sababu kwao kulikuwa na mashindano ya kuwaonyesha.

Jirani zetu wa Rwanda walianza baadaye. Tour du Rwanda iliingia kwenye kalenda ya UCI mwaka 2009. Tangu hapo vijana wa ridhaa wa Rwanda, Kenya, Uganda na Ethiopia wamepata nafasi ya kupanga mstari mmoja na timu za kulipwa. Mwaka 2023 Froome mwenyewe alishiriki. Na mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika bara la Afrika tangu yaanze Copenhagen mwaka 1921. Mbio kubwa ya wanaume ilikuwa ya kilomita zaidi ya 260 katika vilima vya Kigali. Alishinda Tadej Pogačar wa Slovenia, na ni waendeshaji 30 pekee waliomaliza. Kwa wanawake alishinda Magdeleine Vallieres wa Kanada. Kutoka Nairobi hadi Kigali mtu anaweza kwenda kwa basi. Kwa hivyo umbali si kisingizio tena.

Vidato vyenyewe

Vijana, sasa nizungumze nanyi moja kwa moja.

Kidato cha kwanza ni baiskeli na ufundi. Usiuze shamba la mzee kununua baiskeli ya kaboni. Anza na uliyonayo. Hata black mamba inajenga miguu. Ukiweza, tafuta baiskeli ya mitumba yenye gia, na hakikisha inakutosha urefu, kwa sababu baiskeli isiyokutosha itakuumiza magoti na mgongo. Jifunze kuziba pancha, kurekebisha breki na kuosha mnyororo. Wengi wenu hamtalipwa kwa kukanyaga pedali, lakini fundi mzuri wa baiskeli hakosi kazi katika kaunti hii.

Kidato cha pili ni kundi. Tafuteni wenzenu watano, kumi, wasichana kwa wavulana. Endesheni pamoja siku maalumu kila wiki. Jifunzeni kukaa nyuma ya gurudumu la mwenzako, kupokezana kukata upepo, na kuonyesha shimo kwa mkono ili wa nyuma walione. Akina mama, msiwazuie mabinti zenu. Tour de France ya wanawake ilirejea mwaka 2022 na wasichana wa Afrika Mashariki tayari wanashindana kimataifa.

Kidato cha tatu ni mashindano madogo ya karibu na nyumbani. Si lazima yawe na zawadi kubwa. Mzunguko wa kilomita tano kuzunguka soko, ukirudiwa mara kumi, unafundisha mengi kuliko kilomita 100 za peke yako. Hiki ndicho kidato kinachokosekana kwetu, na nitakirudia.

Kidato cha nne ni leseni. Mwendeshaji anayetaka kushiriki mashindano rasmi anapaswa kuwa na leseni ya shirikisho la taifa linalotambuliwa na UCI. Hapa umri ni muhimu sana. Wa miaka 17 na 18 wako kundi la chipukizi. Wa miaka 19 hadi 22 wako kundi la chini ya miaka 23. Zamani kulikuwa na bingwa wa dunia wa ridhaa na bingwa wa kulipwa, lakini tangu 1996 mgawanyo huo uliondolewa na nafasi ya ridhaa ikachukuliwa na kundi la chini ya miaka 23. Hii ina maana kwamba hakuna ukuta wa sheria kati yako na waendeshaji wakubwa, lakini pia kwamba timu huanza kukutafuta ukiwa bado mdogo. Ukianza kushindana ukiwa na miaka 25, wengi wa rika lako watakuwa wamekutangulia kwa miaka kumi ya mashindano. Na msidanganye umri. Stakabadhi za uongo humharibia kijana jina na kuwafungia mlango wanaomfuata.

Kidato cha tano ni mbio za mikondo, ambapo mnashindana siku tano, saba au nane mfululizo. Hapo kinachotafutwa si mshindi pekee. Timu hutafuta msaidizi: anayemletea nahodha maji, anayevunja upepo kwa kilomita mia moja kisha anaachia wengine wapigane. Nyumbani unaweza kuwa bingwa. Huko mara nyingi utaanza kama mtumishi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nne kati ya nafasi tano za kupanda vidato hivi hupotea kwa mambo madogo, si kwa kukosa kipaji... samahani Bwana Mwenyekiti, hiyo ni namna ya kusema, msiichukue kama takwimu. Ninachomaanisha ni mambo kama chakula, maji na afya. Ukiendesha zaidi ya saa moja, beba maji na kitu cha kula: ndizi mbili, viazi vitamu, hata uji mwepesi ndani ya chupa. Epuka dawa za kuongeza nguvu. Sheria ya Kenya inazikataza tangu 2016 na wakala wa kupambana nazo, ADAK, hupima.

Na afya nayo isipuuzwe. Mwishoni mwa mwaka 2010 Froome alipimwa akapatikana na kichocho. Huo ni ugonjwa wa minyoo midogo inayoishi ndani ya damu, inayoingia mwilini kupitia ngozi mtu anapokanyaga au kuoga kwenye maji ya madimbwi, mifereji na maziwa yenye konokono. Alikuwa amechoka bila kujua sababu. Alitibiwa kwa vidonge vya praziquantel, na mwaka uliofuata akafanya vizuri sana Vuelta ya Hispania, mbio ambazo baadaye alitangazwa kuwa mshindi wake. Wazazi, mtoto anayechoka ovyo, au anayekojoa damu, si mvivu. Mpelekeni kituo cha afya akapimwe.

"Atarudi?"

Mzazi mmoja aliniuliza: "Mwanangu akienda barabarani na yale malori, atarudi?" Ni swali la haki, na haliwezi kujibiwa kwa maneno matamu. Mwezi Juni 2019 Froome, akiwa bingwa mara nne, alipoteza udhibiti wa baiskeli alipokuwa akikagua njia ya mbio nchini Ufaransa, akagonga ukuta na kuvunjika paja, kiwiko na mbavu. Ikiwa yeye anaweza kuanguka, hata sisi tunaweza.

Lakini kuna hatari zinazozuilika. Endesha upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, magari yanapokuwa mengi. Vaa helmeti kila siku, si siku ya mashindano peke yake. UCI yenyewe iliifanya helmeti kuwa lazima mwaka 2003, baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kufariki kutokana na ajali katika mbio za Paris-Nice. Vaa nguo zinazoonekana kwa mbali. Usiendeshe gizani bila taa ya mbele na ya nyuma. Usiweke visikizi masikioni. Na kuna mchezo wa kushikilia lori linapopanda mlima ili likuvute. Dereva hakuoni. Akipiga breki, wewe huna breki. Vijana, acheni mchezo huo leo.

Kwa madereva wa matatu, malori na boda boda walio hapa: mtu aliye kwenye baiskeli ana haki ya kutumia barabara. Ukimpita, mwachie nafasi ya kutosha kana kwamba unapita gari. Honi ya ghafla nyuma yake inaweza kumwangusha kabla hujamgusa.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Sasa nirudi kwenye kile kidato cha tatu, mashindano madogo ya karibu na nyumbani. Hapa ndipo kaunti na wakazi wanaweza kukutana.

Jedwali la Nne la Katiba linazipa serikali za kaunti jukumu la barabara za kaunti, na pia shughuli na vifaa vya michezo. Barabara kuu za kitaifa haziko chini yetu, na afisa wa kaunti hawezi kuwaahidi kuzifunga. Lakini mzunguko wa kilomita tano katika barabara ya kaunti, Jumapili asubuhi, kwa saa mbili, ni jambo linalowezekana. Linahitaji mambo manne: klabu inayotambulika ya kuandaa, kibali na polisi wa trafiki, wasimamizi wenye bendera kwenye kila makutano, na huduma ya kwanza yenye gari la kumpeleka majeruhi hospitalini. Pakikosekana la nne, mashindano yasifanyike.

Kuhusu klabu, Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 iliweka ofisi ya Msajili wa Michezo. Jisajilini. Klabu isiyo na usajili, akaunti ya benki na kumbukumbu za mikutano haiwezi kusaidiwa kwa fedha za umma hata kama ina vijana hodari namna gani.

Kuhusu fedha, mimi ni afisa wa habari, si mweka hazina, kwa hivyo sitaahidi hata shilingi moja. Ninachoweza kuwapa ni kalenda. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni mwa kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa sera ya fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya hatua hizo kuna vikao vya ushirikishaji wa umma katika wadi. Wanaofika kwenye vikao huzungumzia barabara, maji na zahanati, na ni sawa. Lakini mkitaka njia ya baiskeli kando ya barabara inayokarabatiwa, au gari la huduma ya kwanza siku ya mashindano, lisemeni pale na liandikwe. Ombi lililotolewa Agosti lina nafasi. Lililotolewa Julai baada ya bajeti kupita litasubiri mwaka mzima. Na njia ya baiskeli haitamfaa mwanamashindano peke yake. Itamfaa mama anayepeleka maziwa na mwanafunzi anayewahi shule.

Walimu na wazazi, mtoto asiache shule kwa ajili ya baiskeli. Mwendeshaji atahitaji kusoma mkataba, kujaza fomu ya viza na kuzungumza na wenzake wa mataifa mengine. Na wengi, kama nilivyosema, hawatafika Ulaya. Watakaobaki wawe mafundi, makocha, waandaaji wa mashindano, waelekezi wa watalii wa baiskeli, na watu wenye moyo na mapafu yenye afya. Hilo nalo si hasara.

David Kinjah hakuwa na bajeti ya serikali alipoanza kuwakusanya watoto wa mtaa wake. Alikuwa na spana, muda na subira. Kundi lake liliweka kidato cha kwanza, na dunia nzima ikaona matokeo. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba safari hii vidato vinavyofuata viko karibu kiasi kwamba hata asiye na pasipoti ya pili anaweza kuvifikia.

Vijana, kabla hamjaondoka, andikeni majina yenu na ya wadi zenu kwenye daftari lililo pale mlangoni, wadi kwa wadi, ili mjuane na kuanza makundi. Viongozi wa vilabu watabaki kujibu maswali.

Mkirudi nyumbani, shikeni upande wa kushoto.